Gari likae wapi juu ya daraja? Jibu kwa mhandisi kijana wa Kigoma

Swali: "Shikamoo Mhandisi. Nina miaka miwili kazini, niko Kigoma kwenye ofisi ndogo ya usanifu. Tuna daraja la barabara lenye spani mbili za mita 25 kila moja, boriti nne za zege zilizoungana juu ya nguzo ya katikati, na barabara yenye upana wa mita 7.5. Mteja ametaka gari la HB, lile gari la mfano la mizigo mizito isiyo ya kawaida, la yuniti 45 kwa BS 5400, kanuni ya Uingereza ya madaraja. Mhandisi mkuu wetu, aliyeanza kujenga madaraja kabla sijazaliwa, hutumia gari fupi lenye mita 6 kati ya ekseli za ndani. Kwa mkono amepata momenti (athari ya kukunja boriti) ya kNm 3,840 juu ya nguzo, daraja zima likichukuliwa kama boriti moja. Mimi nimetumia programu inayotafuta yenyewe mkao mbaya wa gari. Imechagua gari la mita 21 na kutoa kNm 4,285. Tena kwenye matokeo mengine imeacha spani nzima tupu bila mzigo wowote. Mzee anasema programu imekosea. Nimwamini nani, na nimweleze vipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimerudia hesabu zenu zote mbili kwa kalamu kabla ya kuandika, na zote mbili ni sahihi. Namba ya mzee ni ya gari la mita 6 na namba yako ni ya gari la mita 21, kwa hiyo mnabishana juu ya magari mawili tofauti. Mzee amejiuliza gari hili fupi likae wapi. Programu imejiuliza, kati ya magari matano yanayoruhusiwa, lipi ni baya na likae wapi. Kanuni inakutaka ujibu swali hilo la pili.

Tukumbushane gari lenyewe. HB lina ekseli nne, na kila yuniti ni kilonyutoni 10 kwa ekseli. Yuniti 45 ni kN 450 kwa ekseli, jumla kN 1,800, sawa na tani 180 hivi. Ekseli mbili za mbele zimeachana mita 1.8, na mbili za nyuma vivyo hivyo. Kati ya jozi hizo mbili, umbali unaweza kuwa mita 6, 11, 16, 21 au 26, na mwandishi wa kanuni hakukupa hiari ya kuchagua unaoupenda. Unatakiwa kuchukua ule unaoleta athari kubwa kwa kila kitu unachokikagua, na kinachokaguliwa kikibadilika, gari nalo linaweza kubadilika. Ukilielewa hilo, ugomvi wenu umeisha nusu.

Nusu iliyobaki iko kwenye mchoro mmoja ambao naamini bado hujauchapa. Bila shaka programu yako ina mahali pa kuuonyesha, iwe LUSAS, MIDAS Civil, CSiBridge au nyingine. Nauita mstari wa athari. Chukua mzigo wa kizio kimoja, tuseme kN 1, uutembeze juu ya daraja kutoka abatimenti (ukuta unaobeba mwisho wa daraja) ya upande wa Kigoma hadi abatimenti ya upande wa Tabora. Kila hatua andika momenti inayotokea juu ya nguzo ya katikati, na nguzo pekee. Ukimaliza chora: mlalo ni mahali mzigo ulipo, wima ni momenti uliyoandika. Mchoro huo hauonyeshi momenti ilivyo urefu wote wa daraja. Unaonyesha jinsi sehemu moja ya daraja inavyosikia mzigo ulioko kila mahali pengine. Vijana wengi huchanganya haya mawili, na mimi niliyachanganya mwaka mzima.

Kwa daraja lenu mstari huo una fomula nyepesi. Mzigo ukiwa mita a kutoka abatimenti, na spani ikiwa L, momenti juu ya nguzo kwa kila kN 1 ni a zidisha (1 toa a²/L²), gawanya kwa 4. Ni momenti ya kukunja juu, ile inayovuta zege la sakafu juu ya nguzo. Kwenye abatimenti ni sifuri, juu ya nguzo yenyewe ni sifuri, na katikati kuna kitumbo. Kilele cha kitumbo kiko kwenye 0.577 ya spani, yaani mita 14.43 kutoka abatimenti, na urefu wake ni 2.41. Spani ya pili ina kitumbo kama hicho, kimegeuzwa kushoto kulia kama kwenye kioo. Ndiyo kusema una vilele viwili, na umbali kati yake ni mita 21.1.

Sasa litazame gari la HB la mita 21. Katikati ya jozi ya mbele hadi katikati ya jozi ya nyuma ni mita 22.8. Simamisha gari hilo katikati ya nguzo, na kila jozi inakaa karibu kabisa na kilele chake. Gari fupi la mita 6 haliwezi kufika pande zote mbili. Ukilipanda juu ya nguzo, ekseli zake ziko kwenye bonde na unapata kNm 2,694 tu. Ukilisogeza lote kwenye spani moja linapanda hadi 3,840, ile namba ya mzee. Amelisimamisha mahali pazuri kabisa kwa gari lile, na heshima yake inabaki palepale. Ila gari lenyewe silo.

Nilipiga hesabu kwa magari yote matano. La mita 6 linatoa 3,840. La 11 linatoa 3,704. La 16 linatoa 4,212. La 21 linatoa 4,285. La 26 linatoa 3,991. Tazama namba zinavyokwenda: zinashuka, zinapanda, kisha zinashuka tena. Mtu akikagua gari fupi kabisa na refu kabisa akadhani yaliyobaki yamo katikati, atabaki na 3,991 na kukosa karibu asilimia 7 ya momenti. Akikagua fupi peke yake atakosa asilimia 10. Kwenye nondo za juu ya nguzo hilo si jambo la kufumbia macho. Nyufa za sehemu hiyo hufunguka upande wa juu, maji ya masika yanaingia kupitia lami, na kutu huanza bila mtu kuiona.

Namna ya kumweleza mzee? Usimpelekee kompyuta. Chukua karatasi ya A4 yenye miraba, ilaze, chora mstari wa athari kwa skeli ya 1 kwa 200. Daraja lote la mita 50 linakuwa sentimita 25, linaenea vizuri. Kata ukanda mwembamba wa karatasi nyingine, uweke alama nne za ekseli kwa skeli ileile: mita 1.8 ni milimita 9, mita 21 ni sentimita 10 na nusu. Kata kanda tano, kila gari lake. Weka ukanda juu ya mchoro, usogeze taratibu kwa kidole, na kila unaposimama soma urefu wa mstari chini ya kila alama, ujumlishe, uzidishe kwa 450. Kwa gari la mita 21 lililokaa katikati utasoma 2.36, 2.41, 2.41 na 2.36. Jumla, ukizisoma kwa makini, inafika 9.52. Mara 450 unapata 4,285. Wahandisi walifanya kazi hivi kabla ya kompyuta, na ninaamini mzee wako ataushika ukanda huo mwenyewe na kuusogeza. Akishausogeza hutahitaji kusema neno. Programu hufanya kazi hiyohiyo ya kusogeza ukanda, tofauti ni kwamba inausogeza mara elfu kadhaa bila kuchoka.

Sasa spani tupu iliyowatisha. Naamini uliiona kwenye momenti ya katikati ya spani, ile inayovuta chini ya boriti. Chora mstari wa athari wa mahali hapo utaona kitu kingine: spani yenyewe ina kilele kikali upande mmoja wa sifuri, na spani ya jirani ina kitumbo upande wa pili. Mzigo ukikaa spani ya jirani unainua daraja kidogo hapa unapokagua, yaani unakusaidia. Kanuni haikuruhusu kutegemea msaada wa gari ambalo huenda siku hiyo halipo. Mzigo wa magari unawekwa panapoumiza tu, panaposaidia panaachwa patupu. Programu imefanya ilichopaswa kufanya.

Kwa mzigo wa HA, ule unaotandazwa kwenye leni, kuna mtego zaidi, na hapa ndipo programu inapolipa gharama zake. Kwa mujibu wa BD 37, waraka wa Uingereza wa mizigo unaokwenda na BS 5400, ukali wa mzigo kwa kila mita unapungua kadiri urefu uliopakiwa unavyoongezeka: hadi mita 50 ni 336 zidisha (1/L) kwa kipeo cha 0.67, L hapa ikiwa urefu uliopakiwa. Ukipakia spani moja ya mita 25 unapata kN 38.9 kwa mita. Ukipakia zote mbili, mita 50, unashuka hadi 24.4. Ipi mbaya kwa nguzo? Eneo chini ya kitumbo kimoja ni 39.06, kwa hiyo spani moja inatoa kNm 1,519 na spani mbili zinatoa kama 1,906, kabla ya kuongeza ule mzigo wa kisu (mstari mmoja wa mzigo unaokatiza leni) wa kN 120 na kabla ya vipunguzo vya leni. Hapa spani mbili zimeshinda. Daraja lenye spani zisizolingana, au lenye spani nne, linaweza kukupa jibu lisilokuja akilini kabisa, maana unashindanisha urefu na ukali kwa wakati mmoja. Kwa mkono inawezekana. Kwa mkono, saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, boriti nne na sehemu ishirini za kukagua, mtu hukosea.

Jambo moja la HB na HA pamoja, maana sijui kama mzee amelihesabu: kwenye leni ya HB hakuna HA kwa mita 25 mbele na mita 25 nyuma ya gari. Gari lenu la mita 21 likikaa katikati, kutoka ekseli ya mwisho hadi abatimenti zimebaki mita 12.7 tu. Leni hiyo basi haina HA hata kidogo. HA inabaki kwenye leni ya pili peke yake. Ukiona programu imeacha leni ya HB tupu mbele na nyuma ya gari, usiijaze kwa mkono.

Umeniuliza umwamini nani. Nitakwambia ninachokiamini kwa moyo wote baada ya miaka mingi ya kazi hii: amini mchoro wa athari, halafu mkague kila mtu kwa mchoro huo, mzee na programu pia. Programu ni hodari wa kutafuta ndani ya uwanja uliouzungushia ua. Ua ukikaa vibaya itakutafutia jibu baya kwa uaminifu mkubwa sana.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Kwenye ofisi moja niliyofanyia kazi zamani tulikuwa na daraja lenye njia za miguu pande zote mbili. Aliyechora modeli aliweka mipaka ya barabara kwenye reli za pembeni badala ya kwenye kingo za zege zinazotenga magari na watu. Programu ikapandisha magurudumu ya HB kwenye njia ya miguu, juu kabisa ya boriti ya ukingoni. Momenti ya boriti hiyo ikapaa, nasi tukaongeza chuma, tukaongeza tena, tukakuna vichwa. Kisha jioni moja mwenzetu akauliza kwa upole, "Mmeona gari liko wapi?" Tukafungua picha ya mzigo, picha ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua kwa wiki tatu. Gari lilikuwa limesimama juu ya njia ya miguu.

Kwenu kuna mtego wa aina hiyo, mwembamba kuliko wangu. Barabara yenu ni mita 7.5 kamili. BD 37 inasema kutoka mita 5.0 hadi 7.5 ni leni mbili za kubuni, ikizidi 7.5 ni leni tatu. Ukichora kingo kwa kompyuta ukakosea milimita 10, programu itakuhesabia leni tatu nyembamba badala ya mbili za mita 3.75, na matokeo yote ya HA yatabadilika bila onyo lolote. Nenda kaangalie idadi ya leni kwenye ripoti kabla hujaendelea kusoma jibu hili. Na hizi ni leni za kubuni, hazina uhusiano na rangi nyeupe itakayochorwa barabarani.

Umerudi? Tuendelee na upana, maana mpaka hapa nimesema kana kwamba daraja ni boriti moja. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, wasanifu wa madaraja yake walijua garimoshi litapita mahali pamoja tu kiupande, penye reli. Mstari wa athari uliwatosha. Lori halina reli. Linaweza kukaa kushoto, kulia, au kupanda katikati ya leni mbili. Kwa hiyo badala ya mstari unahitaji uso mzima wa athari, kama ramani ya vilima na mabonde juu ya sakafu ya daraja, na kila boriti ina ramani yake. Kwa boriti ya ukingoni kilima kimeegemea pembeni, gari linasukumwa hadi kwenye ukingo wa zege. Kwa boriti ya ndani kilima kimekaa juu ya boriti yenyewe, na mara nyingi mkao mbaya unawakutanisha majirani wawili, HB huku na HA kule. Magurudumu manne ya kila ekseli ya HB yameachana mita 1, kwa hiyo kutoka la nje hadi la nje ni mita 3, nayo hukanyaga ramani mahali tofauti. Hapa ukanda wa karatasi unachoka, na kompyuta inastahili mshahara wake.

Programu inapataje ramani hiyo? Kuna njia mbili, na ni vizuri ujue unatumia ipi. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: inaweka kN 1 kwenye kila nukta ya gridi, inatatua modeli mara mamia, na kuandika jibu. Ya pili ni ya kinyume. Enrico Betti alionyesha mwaka 1872 kwamba kazi ya mzigo wa kwanza kwenye mwendo wa mzigo wa pili ni sawa na kazi ya mzigo wa pili kwenye mwendo wa wa kwanza. Heinrich Müller-Breslau akaitumia hoja hiyo kwenye miundo: ukitaka mstari wa athari wa momenti mahali fulani, weka hapo bawaba, izungushe kwa kizio kimoja, na umbo ambalo daraja linajikunja ndilo mstari wenyewe. Jaribu kwa rula ya plastiki juu ya penseli tatu, ikunje katikati, utaviona vile vitumbo viwili nilivyovitaja. Njia ya kinyume ina haraka kwa sehemu chache. Ya moja kwa moja inafaa ukiwa na sehemu nyingi za kukagua kwa mpigo. Zikipishana kwenye modeli ileile, mara nyingi gridi ni pana mno au sehemu uliyochagua imekaa kwenye mpaka wa elementi mbili.

Hatua ya kusogeza gari nayo ina maneno. Ukiweka hatua ya mita 2 kwa gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 1.8, unaweza kuruka kilele. Mimi hutumia nusu mita, na robo mita karibu na nguzo ninapokagua shia, yaani nguvu ya kukata boriti, kwa sababu mstari wa athari wa shia una ngazi ya ghafla pale unapokagua na hausamehi.

Kosa lingine ni kuchagua sehemu chache za kukagua, katikati ya spani na juu ya nguzo basi. Nikupe mfano wa lori la kweli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa jozi yenye matairi mawilimawili, 24 kwa ekseli tatu zilizoandamana, na jumla isizidi tani 56. Semi ya ekseli 6 inayotoka bandari ya Kigoma ikiwa imejaa kihalali ni 8 na 18 na 24, tani 50, chukulia kN 500. Tuseme umbali kati ya ekseli ni mita 3.2, 1.3, 6.0, 1.3 na 1.3. Ipitishe juu ya daraja la spani moja ya mita 20. Ukiweka kitovu cha uzito wake katikati, kama wengi wanavyofanya, momenti ya katikati ni kNm 1,360. Ukitafuta mkao mbaya kwa ajili ya katikati, ekseli ya tatu ikiwa juu yake, inafika 1,385. Lakini momenti kubwa kuliko zote haipo katikati. Iko chini ya ekseli hiyohiyo ya tatu, ikiwa mita 1.275 kando ya katikati, na ni 1,426. Kwa daraja la spani moja tofauti ni ndogo, na nakubali wazi kwamba hapo kalamu inatosha. Kwa daraja lenu gawanya kila spani angalau sehemu kumi, na usisahau beringi, vile vikalio ambavyo boriti zinakalia.

Ukilinganisha lori la kweli na la kanuni, kumbuka HA na HB zimeshabeba mtikisiko ndani yake. Lori la kweli halijabeba, unapaswa kuuongeza mwenyewe. Nimeona ripoti zikisema daraja la zamani lina akiba kubwa kumbe mtikisiko umesahauliwa.

Na tafadhali, ukipeleka matokeo kwa anayepanga nondo, usimpe jedwali la momenti kubwa na shia kubwa kana kwamba zinatokea pamoja. Mkao unaoleta momenti kubwa una shia yake, ya wakati uleule, na mara nyingi ni ndogo. Iombe programu ikupe hizo zinazoandamana. Beringi hasa zinahitaji hivyo: mzigo wa wima, mzunguko na msukumo wa mlalo vya gari moja lililosimama mahali pamoja.

Kuna mahali hesabu hii yote inaanguka, na programu haitakwambia. Kujumlisha athari kunafaa tu kama daraja linajibu kwa uwiano ulionyooka. Beringi isiyoweza kuvuta ikinyanyuka, muundo umebadilika, na mstari wa athari uliochora si wake tena. Hili linawahusu moja kwa moja. Gari likijaa spani ya upande wa Tabora, abatimenti ya upande wa Kigoma inavutwa juu kwa momenti ya nguzo iliyogawanywa kwa spani. Hapo gari baya ni lipi? Ni la mzee! La mita 6, lote kwenye spani moja: 3,840 kugawanya kwa 25 ni kN 154 kwenda juu. La mita 21 likikaa katikati ya nguzo lina ekseli spani zote mbili, na zile za upande wa Kigoma zinaikandamiza abatimenti ya Kigoma badala ya kuinyanyua. Kwa momenti ya katikati ya spani pia gari fupi ndilo litakaloshinda, kwa kuwa ekseli zote nne zinabanana chini ya kilele kimoja. Mwambie hivyo mapema kwenye mazungumzo, kabla ya habari ya nguzo.

Kunyanyuka kwa kN 154 kukigawanywa kwa boriti nne sawasawa si tishio mbele ya uzito wa daraja lenyewe. Lakini hakugawanyiki sawasawa. Gari likiwa ukingoni, boriti moja hupata sehemu kubwa, na kama daraja lenu limekaa mshazari juu ya mto, kona moja hupata kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kikao chenu, fanya hivi: chagua beringi nne za abatimenti ya Kigoma, iombe programu mkao unaoleta mzigo mdogo kabisa kwenye kila moja, ujumlishe na uzito wa kudumu uliozidishwa kwa kizidishi chake cha chini. Namba ikibaki ya kukandamiza kwa zote nne, modeli yako ni halali na 4,285 inasimama. Ikigeuka hata kwa moja, nitumie picha ya uso wa athari wa beringi hiyo, pamoja na pembe ya mshazari na aina ya beringi mliyochagua, tuitazame pamoja.